KUZUNGUMZA NI KAZI YA KUJIFUNZA

Hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa mjini Kilosa mbele ya Mkutano Mkuu wa Wajumbe, katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu



Wenzetu waliotangulia wamekwisha kuhesabu mbele yenu magunia ya ufuta na mbaazi, maghala yaliyojengwa na madeni yaliyolipwa. Hesabu hizo ni njema, nasi twazifurahia pamoja nanyi. Lakini sisi wa Kamati ya Elimu tumepewa kusema juu ya jambo lisilowekwa juu ya mizani, nalo ni namna wanachama wa ushirika wanavyosemezana, na namna watu wanavyoweza kufundishwa kusemezana vizuri zaidi.

Twajua, ndugu Wajumbe, kwamba katika makabrasha mliyogawiwa asubuhi limo pendekezo la kupunguza fungu la elimu la mwaka ujao, ili fedha hizo zisaidie kununua lori. Hatukuja kulitukana lori. Mkulima ambaye mzigo wake umelala barabarani ukinyeshewa mvua hahitaji kuhubiriwa faida ya lori. Tumekuja kuwaeleza tu kile kitakachopunguka fungu hilo likipunguzwa, ili mkipiga kura mpige mkiwa mnajua.

Kwanza tueleze maana. Tunaposema mazungumzo hatusemi porojo za kijiweni, wala hotuba kama hii yetu ambayo mmoja husema na mia wakanyamaza. Mazungumzo ni kusema na kusikiliza ili kila mmoja apate kujua jambo ambalo hakulijua alipokuwa anaketi. Mtu aliyekuja na jibu lake mfukoni, akaondoka nalo vile vile, huyo hakuzungumza. Alingoja zamu yake ya kusema. Na ushirika, ukiutazama hadi mizizi yake, ni watu waliokubaliana. Mapatano hayo yasipotunzwa, ghala hubaki kuwa nyumba yenye kufuli.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee wetu walikuwa na baraza, na kikao cha ukoo, na utani, ambao kwao mtu aliweza kumwambia mwenziwe neno chungu bila kuvunja ujirani. Ndugu zetu wafugaji wana laigwanani, kiongozi ambaye kazi yake kubwa ni kusikiliza rika zima kabla ya kutamka neno. Na baada ya Uhuru Serikali nayo iliitumia njia hiyo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wengi wa wazee mlioketi hapa mlikuwamo. Kwa majuma 12 watu walikusanyika katika vikundi wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, kisha wakajadiliana: hapa kijijini petu ugonjwa huu watoka wapi, nasi tufanye nini? Watu wapatao milioni 2 walihudhuria, katika vikundi vipatavyo 75,000. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake aliyefundishwa kwanza namna ya kuuliza na kuongoza majadiliano. Vyoo vingi vilichimbwa na watu ambao hawakutishwa na askari, bali walikuwa wamekwisha kujiambia wenyewe sababu.

Tena twaona katika historia ya ushirika wenyewe madhara ya kutozungumza. Chuo cha Ushirika cha Moshi, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu, kilianzishwa mwaka 1963, kwa kuwa viongozi wa wakati ule walitambua kwamba chama bila elimu hakisimami. Hata hivyo miaka mitatu baadaye, mwaka 1966, Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika ilikuta maradhi makubwa. Miongoni mwake ni wanachama wasiojua mambo ya chama chao, na vyama vikuu ambamo sauti ya mwanachama haikufika. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa kwa amri. Wanachama hawakuitwa kupiga kura, na katika sehemu nyingi hawakuinuka kuvitetea, kwani mtu hatetei kitu asichokiona kuwa chake. Sheria ya 1982 ndiyo iliyovirudisha. Hili ndilo somo letu la kwanza: chama huweza kuwa na ghala, na karani, na muhuri, kikafa siku moja kwa sababu hakuna aliyekuwa akizungumza nacho.

Sasa tuseme tumefanya nini sisi, na tuanze na makosa yetu.

Tulipoanza kazi hii tulifundisha kama tulivyofundishwa shuleni. Tulisimama mbele, tukaandika ubaoni, tukawaambia wajumbe wa kamati za vyama vya msingi: sikilizeni wanachama wenu. Wakaandika katika madaftari: tusikilize wanachama. Kisha wakarudi kwao, wakawahutubia wanachama saa mbili nzima juu ya umuhimu wa kusikilizwa. Hatukuwa na haki ya kuwacheka, maana walitufuata sisi.

Hapo tukabadili njia. Tulijifunza kwa wenzetu wa MVIWATA, mtandao wa wakulima uliozaliwa Morogoro mwaka 1993 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Sokoine, ambao kwao mkulima humtembelea mkulima mwenziwe na kujifunza shambani kwake, wala hangoji bwana wa kutoka mjini. Tangu hapo mafunzo yetu hufanywa kijijini, kwa watu wasiozidi 15, muda wa siku tatu, wakiwa wameketi duara. Nusu yao ni wanawake. Hatumchukui mwenyekiti peke yake. Twamchukua pamoja na karani, na mpima mazao, na mwanachama mmoja anayejulikana kwa manung'uniko. Huyu wa mwisho mara nyingi ndiye mwalimu wetu bora.

Siku ya kwanza twafundisha kusikiliza. Watu hukaa wawili wawili. Mmoja hueleza jambo lililompata katika chama, mwenziwe haruhusiwi kujibu mpaka ameyarudia maneno ya mwenzake, na huyo mwenzake amesema, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Jambo hili laonekana dogo. Tumeona watu wazima wenye mvi wakishindwa mara tatu, mara nne, kwa sababu walipokuwa wakisikiliza walikuwa wanatunga jibu.

Siku ya pili twafundisha kuuliza. Liko swali linalofunga mlango na swali linaloufungua. Ukimwuliza mtu, "Kwa nini umeuza ufuta wako kwa walanguzi?" umekwisha kumhukumu, naye atajitetea. Ukimwuliza, "Msimu huu ulikuwaje kwako?" huenda akakueleza. Siku hiyo twafundisha pia kunyamaza. Asiye na mazoea ya kusema mbele ya watu huhitaji nafasi ya pumzi tatu kabla ya kuanza; na msimamizi mwenye haraka huijaza nafasi hiyo kwa maneno yake mwenyewe, na lile neno lililokuwa njiani likarudi lilikotoka.

Siku ya tatu twafundisha kurudisha. Yaliyosemwa huandikwa kwa Kiswahili chepesi, husomwa mbele ya wote, na kila mmoja husahihisha. Halafu huulizwa: nani atafanya nini, na lini tutarudi kutazama kama kimefanywa? Baada ya mwezi mmoja Kamati hurudi. Bila kurudi huko, ndugu Wajumbe, siku tatu zile ni pikiniki tu.

Huenda mtu akauliza: maneno haya yamezaa nini? Twatoa mifano miwili, wala hatutavitaja vyama wala watu, maana waliotueleza walitueleza kwa imani.

Chama kimoja cha msingi kilikuwa na ugomvi wa muda mrefu juu ya mizani. Wanachama walisema karani anaiba. Karani alisema wanachama ni wazushi. Mkaguzi aliletwa, akaipima mizani, akaikuta sahihi, lakini ugomvi haukwisha. Baada ya mafunzo watu waliketi duara, na mama mmoja ambaye hajawahi kusema katika mkutano akaulizwa yeye aona nini siku ya kuleta mazao. Akajibu: "Mimi naona mgongo wa karani." Ikafahamika kwamba mizani ilikuwa imewekwa ikimtazama karani, na mkulima hakuweza kuisoma. Siku ile ile iligeuzwa. Haikugharimu senti. Manung'uniko ya wizi yakapungua, na karani, ambaye kwa miaka miwili alikuwa hasalimiwi, akaanza tena kusalimiwa. Mkaguzi alikuwa amekipima chombo. Mama yule alieleza uhusiano uliokizunguka. Vyote viwili ni ukaguzi, na chama chahitaji vyote viwili.

Katika chama kingine mwanachama wa tangu mwanzo aliacha kuleta mazao yake. Kamati ilimwandikia barua ya kumwita ajieleze. Hakuja. Ikamwandikia ya pili, yenye maneno makali zaidi. Ndipo wanachama wawili waliopata mafunzo wakaomba barua ya tatu isiandikwe, wakaenda nyumbani kwake kwa miguu yao. Hawakuuliza juu ya ufuta. Waliuliza hali. Wakakuta mke wake ameugua muda mrefu. Katika stakabadhi ghalani mkulima hukabidhi mzigo wake, akangoja mnada, kisha akangoja malipo. Na hospitali haingoji. Mlanguzi alimpa fedha mkononi kwa bei ya kutupa na kwa kipimo cha lumbesa, naye alipokea huku akijua kwamba anapunjwa. Wale wawili wakarudi, wakaleta jambo lile mkutanoni kwa ruhusa yake, na ikaonekana kwamba hakuwa peke yake. Chama kile kikaanzisha mfuko mdogo wa dharura, wa kumkopesha mwanachama mwenye ugonjwa au msiba hadi mazao yake yalipwe. Yule bwana alirudi. Angalieni, ndugu, jinsi jambo lilivyokwenda: lilianza kwa kumtunza mtu mmoja, likaishia kwa kubadili kanuni ya chama kizima. Hatujui njia fupi zaidi ya kukitengeneza chama.

Sasa twaja kwenye jambo zito, nalo hatuwezi kulipita kimya tukiwa Kilosa. Sote twakumbuka mwezi Desemba wa mwaka 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulipomaliza maisha ya watu 38. Tangu siku ile pamekuwa na tume, mikutano, kesi na mipaka. Kamati yetu ni ndogo, haijidai kwamba ina dawa ya jambo hilo. Lakini wanachama wetu ndio wenye mashamba, na ng'ombe hupita karibu na mashamba hayo, kwa hiyo jambo ni letu tupende tusipende.

Tulipojaribu mara ya kwanza kuwaita wakulima na wafugaji tulikosea vibaya. Tuliitisha mkutano saa ile ile ambayo mifugo hunyweshwa. Tuliwaketisha wafugaji wachache benchi la nyuma. Tulisoma masharti tuliyoyaandika wenyewe, tukauliza nani anapinga. Wafugaji wakanyamaza, nasi tukaandika: wamekubali. Kiangazi kilipoanza masharti yale yalivunjwa, nasi tukawalaumu. Baadaye mzee mmoja wa kifugaji alitueleza kwa upole kwamba kunyamaza kwao kulikuwa na maana ya kulipeleka neno kwa wazee na kurudi na jibu. Lakini hakuna aliyewauliza watarudi lini. Tulichukua ukimya wa adabu tukaufanya saini.

Safari ya pili tulianza na wanawake wa pande zote mbili, kwa sababu walikuwa wakikutana kisimani kabla sisi hatujafikiria kuwakutanisha. Wao ndio waliotutajia mahali ambapo njia ya mifugo imelimwa, na mwezi ambao mahindi bado yamo shambani ng'ombe wakiwa wamekwisha kushuka. Mkutano ulifanywa mara mbili, kwanza wa kusema, kisha, baada ya majuma mawili, wa kujibu. Hatutawaambia kwamba mambo yamekwisha. Ng'ombe bado huingia shambani, na hasira bado zipo. Lakini sasa wako watu sita, watatu upande huu na watatu upande huu, ambao simu zao hupigwa kabla fimbo hazijainuliwa. Watu sita si wengi. Wakati wa shari, mtu mmoja anayejua kuuliza swali la kwanza vizuri huweza kuokoa usiku mzima.

Nanyi ndugu wa Mikumi mna jirani wa aina nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iko tangu 1964, na tembo hasomi mpaka. Mkulima aliyekesha akipiga debe huku shamba lake likiliwa hana subira na afisa anayemletea fomu. Naye afisa, aliyetumwa na sheria asiyoiandika yeye, amechoka kutukanwa. Huko nako tumewafundisha wanachama kupeleka habari zinazoweza kujibiwa: usiku gani, upande gani, zao gani, mara ngapi. Malalamiko yenye hesabu hujibiwa kwa hesabu.

Mnajua wote reli inayotoka Kilosa, ikapitia Mikumi, ikafika Kidatu, ambako inakutana na TAZARA. Reli zote mbili ni za chuma, lakini njia ya kwetu ina upana wa milimita 1,000, na ile ya TAZARA milimita 1,067. Tofauti hiyo haitimizi vidole vinne, nayo yatosha kulizuia behewa. Kwa hiyo mwaka 1998 palifunguliwa Kidatu kituo cha kuhamishia mizigo. Hakuna aliyeilaumu reli hii au ile kuwa mbovu. Mkulima na mfugaji, karani na mwanachama, kijiji na hifadhi, wako hivyo hivyo. Kinachotakiwa ni watu wa kusimama pale kati na kuhamisha mzigo bila kuuvunja. Watu hao hawazaliwi, hufundishwa.

Sheria nayo yawahitaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu wao wanawake, ambao kazi yao ni kusuluhisha. Tangu 2021 Mabaraza ya Kata nayo yameondolewa kazi ya kuhukumu katika mambo ya ardhi, yakaachiwa kupatanisha ndani ya siku 30. Sheria imempa mwanakijiji kiti cha upatanishi. Ufundi wa kukikalia hakupewa. Wengi wa wale saba ni wanachama wetu. Tukiwafundisha katika ushirika, wanautumia ufundi huo barazani pia.

Ni wajibu wetu pia kusema mipaka ya kazi hii. Mazungumzo si mahali pa kufichia uhalifu. Aliyekula fedha za chama apelekwe kwenye sheria. Aliyempiga mkewe asiitiwe duara ili mke aombwe asamehe. Mwenye nguvu hupenda kusema "tuzungumze" pale anapojua kwamba haki iko upande wa pili. Msimamizi mzuri hufundishwa kulitambua hilo, na kusema waziwazi: jambo hili si letu, hili ni la mahakama.

Mabibi na Mabwana, sasa turudi kwenye lori.

Wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, walikuwa maskini kuliko wengi wetu. Hata hivyo walijiwekea desturi ya kutenga asilimia 2 na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Bila shaka walikuwa na mahitaji mengine. Waliitenga kwa sababu walijua kwamba duka lisilo na wanachama wenye kuelewa ni duka tu, na maduka yalikuwako tele.

Sisi wa Kilosa twakumbuka mafuriko ya mwisho wa 2009 na Januari 2010, tuta la mto Mkondoa lilipoachia maji na maelfu wakakosa makao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fungu la elimu ni fedha ya kuziba nyufa. Halipigiwi makofi, maana ufa ulioziba hauonekani. Lori litaonekana, litapambwa maua, litapigwa picha. Lakini lori litabeba nini, ikiwa wanachama wameuza mazao yao usiku kwa walanguzi kwa sababu hakuna aliyewauliza hali?

Ombi letu ni moja. Lori linunuliwe, hata ikibidi lingojewe msimu mmoja zaidi. Fungu la elimu lisiguswe. Na kabla ya kura kupigwa, twaomba Mwenyekiti awape nafasi ya kwanza kusema wale ambao katika mikutano ya miaka hii kumi hawajasema hata mara moja. Wapo humu, twawaona. Wakisema kwamba tumekosea, tutasikiliza, na maneno yao tutayarudia mpaka waseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo tulivyosema."

Ushirika udumu.